Miguu ya cherehani ya Singer kuwa meza (usiipige nyundo!)

Juzi nilikuwa namsaidia shemeji kufungua miguu aliyoitoa kwa muuza vyuma chakavu, nikaona bora niandike kabisa maana mwaka jana mimi niliua mguu mmoja.

1. Gonga kila mguu na spana. Ukilia kama kengele chukua, ukitoa sauti ya debe lililopasuka achana nao. Hiki ni chuma cha kusubu (kasti), kiliyeyushwa kikamwagwa kwenye kalibu ya mchanga, ndiyo maana pembeni kuna mstari mwembamba pale nusu mbili za kalibu zilipokutana. Usiusage huo mstari na grenda, ndio uzuri wenyewe. Na kama kichwa cha cherehani kipo, angalia namba, ikianza na EA au EB hivi ujue kimetoka Clydebank, Scotland, kiwanda kilichofunguliwa 1885 kikafungwa 1980, stesheni ya treni ya pale mpaka leo inaitwa Singer.

2. Kufungua nati. Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Nati imeshika kutu, nikachukua nyundo, pigo la tatu nikasikia tak! sikio la bolti liko chini, ndani kijivu chenye punjepunje kama sukari. Kasti haipindi, inakatika tu. Nikapeleka kwa fundi akachomelea kwa rodi za kawaida, tumekaa dakika kumi tunakunywa chai, tik, imepasuka tena pembeni ya weldi ileile! Kumbe inatakiwa rodi za nikeli au ulehemu kwa shaba na gesi, upashe moto sehemu kubwa kwanza polepole, halafu uifukie kwenye majivu ipoe hadi kesho yake. Kwa hiyo: changanya ATF (mafuta ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, dondoshea, lala, dondoshea tena (mbali na moto, asetoni inawaka). Ikigoma kata nati na grenda. Bolti mpya ni hela ya chapati, mguu hupati.

3. Kutu toa kwa brashi ya waya ya mkono, vaa barakoa, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ni sumu.

4. Prima (rangi ya kwanza ya chini), kisha nyeusi isiyong'aa. Dhahabu hapana jamani.

5. Mbao juu, mimi natumia mninga tu. Matundu ya skrubu kwenye mbao yaache mapana kidogo maana mbao inatanuka, chuma hakiifuati. Pedali ifunge kwa waya, watoto wa shemeji walishaanza kuikanyaga kabla rangi haijakauka.