Kabla ya Jalidi: Kazi za Bustani Mwisho wa Kiangazi

Aliyekulia karibu na ikweta amezoea kupanda kwa kufuata mvua. Mwanga ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mbegu ikishapata maji, kinachobaki ni palizi na subira. Ukihamia Minneapolis, Toronto au Birmingham, mvua inakuwa jambo la pili. Kinachoamua ni jalidi ya kwanza, yaani usiku ambao umande unaganda juu ya majani, pamoja na mwanga unaopungua kila siku tangu mwishoni mwa Juni. Ndiyo maana bustani za wageni wengi zinaisha Septemba huku jirani akichuma sukuma wiki hadi Desemba. Huyo jirani alisia mboga zake za baridi kuanzia Julai, nyanya zikiwa bado zinazaa.

Miezi inayotajwa humu ni ya kaskazini mwa dunia. Walioko Australia na New Zealand waisogeze kwa miezi 6: Agosti yetu ni Februari yao.

Hesabu inaanzia mwisho

Tafuta tarehe ya wastani ya jalidi ya kwanza katika eneo lako. Idara ya hali ya hewa ya nchi unakoishi huwa nayo. Kumbuka ni wastani, miaka mingine jalidi inawahi. Usiichanganye na namba ya zoni inayoandikwa kwenye vibandiko vya miche huko Marekani. Ile inaeleza baridi kali kabisa ya mwaka, ni ya miti na maua ya kudumu, wala haikusaidii kujua lini usie spinachi.

Sasa chukua siku za kukomaa zilizoandikwa kwenye pakiti ya mbegu, ongeza 14, kisha rudi nyuma kutoka tarehe ya jalidi. Hizo 14 ni fidia ya mwanga. Namba ya pakiti inachukulia mmea unakua siku zikirefuka. Septemba mmea uleule unajikokota. Tuseme jalidi kwako huja tarehe 15 Oktoba. Bitiruti ya siku 55 inahitaji siku 69, basi mbegu iwe ardhini kufikia tarehe 7 Agosti. Spinachi ya siku 45 inaweza kungoja hadi tarehe 17 Agosti. Figili ya siku 28 ina nafasi mpaka tarehe 3 Septemba. Sukuma wiki ya siku 60 ukiisia mwenyewe ni tarehe 2 Agosti. Ukinunua miche ya wiki 4 au 5, umejiongezea karibu mwezi mzima. Maharage ya kuchumwa yakiwa mabichi hayavumilii jalidi hata kidogo, hivyo yaongezee wiki 2 nyingine za kuchuma, na kama hesabu imeshapita, achana nayo.

Sukuma wiki, spinachi na karoti haziuawi na jalidi nyepesi. Sukuma wiki hata inakuwa tamu zaidi, kwa sababu mmea unalimbikiza sukari kwenye majani ili yasigande upesi. Kwa mboga hizi kikomo halisi ni mwanga: siku ikishuka chini ya saa 10 za mwanga, ukuaji karibu unasimama. London hilo hutokea mwishoni mwa Oktoba, Boston kabla ya katikati ya Novemba. Mmea uwe umeshafikia ukubwa wa kuvunwa wakati huo. Kuanzia hapo bustani ni ghala: unachuma kilichopo, na jani ulilochuma halirudishwi upesi.

Mchicha, managu na kunde ni habari nyingine. Usiku mmoja wa jalidi unazimaliza, na mchicha wenyewe huwahi kutoa maua siku zinapofupika. Tabiri za hali ya hewa zikionyesha nyuzi 2 au 3 za Selsiasi usiku, chuma zote. Acha mashina mawili matatu ya mchicha yakomae mapema, kisha ukung'ute masuke juu ya kitambaa upate mbegu za mwaka ujao. Mbegu zako mwenyewe zitakuepusha na mtihani wa kuagiziwa kutoka nyumbani: Marekani, Umoja wa Ulaya na Uingereza kwa kawaida hudai cheti cha afya ya mimea hata kwa mbegu za kupanda, na Australia ni wakali zaidi. Bahasha isiyo na karatasi inaweza kuishia kwenye tanuru la forodhani.

Kinachotoka, kinachobaki

Nyanya zinataka uamuzi wa mapema. Tangu ua lifunguke hadi tunda liive ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo wiki 5 kabla ya jalidi kata ncha za mashina yote na uondoe maua, nguvu iende kwenye matunda yaliyokwisha kufungwa. Tunda lililoanza kubadilika rangi livune uliweke ndani kwenye nyuzi 18 hadi 21. Halihitaji jua, dirishani upande mmoja hupata joto kupita kiasi na tunda huiva vipande vipande. Friji nayo inaua ladha.

Ukiona mabaka ya kahawia kwenye majani, ukungu mweupe chini yake asubuhi zenye unyevu, na matunda yanayogeuka kahawia na kuwa magumu, hiyo ni bakajani chelewa. Ng'oa mmea mzima, funga kwenye mfuko, usiutupe kwenye lundo la mboji. Ugonjwa huohuo hushika viazi, na hujificha majira ya baridi ndani ya viazi vilivyosahaulika ardhini, kwa hiyo chimbua vyote, hata vile vidogo visivyolika.

Maboga yavunwe kabla ya jalidi, yakiwa na kikonyo cha sentimita 5 hadi 10. Kikonyo kikivunjika, uozo unaingilia hapo, basi usibebe boga kwa kukishika. Yaanike mahali pakavu penye nyuzi 25 hadi 30 kwa siku 10 ili ngozi igumu. Majani yenye ubwiri unga, ule unga mweupe wa mwisho wa kiangazi, hayana haja ya dawa wakati huu, tunda limeshakaribia. Maharage na kunde zilizokwisha, kata shina usawa wa ardhi na uache mizizi ioze humohumo.

Udongo

Tandaza mboji iliyoiva unene wa sentimita 3 juu ya tuta, bila kuchimba sana. Kwa eneo la mita 10 za mraba hiyo ni lita 300. Wengi hununua mifuko miwili ya lita 50 na kushangaa mbona haijaonekana. Samadi mbichi isikaribie mboga za vuno la sasa. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinadai siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno ya zao linalogusa udongo, kwa sababu ya vimelea vya tumbo. Iweke kwenye matuta yatakayolala wazi hadi masika.

Huu pia ndio wakati wa kupima udongo. Mboga nyingi zinataka pH kati ya 6 na 7, na chokaa huchukua miezi kufanya kazi, kwa hiyo ya Oktoba itakufaa Aprili. Kama unalima kando ya ukuta wa nyumba kuukuu ya mjini, omba maabara wapime na madini ya risasi. Rangi zenye risasi zilipigwa marufuku kwa nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba za kabla ya hapo mara nyingi zimemwaga mabanzi ya rangi chini ya kuta. Majibu yakiwa mabaya, panda kwenye matuta ya kuinuliwa yenye udongo ulioletwa.

Kusia kwenye ardhi ya moto

Hapa ndipo wengi hukwama. Mbegu za letusi hugoma kuota udongo ukizidi nyuzi 27 hivi, na spinachi karibu hivyohivyo, hata ukimwagilia kutwa. Mbegu haijafa, imelala. Chimba mfereji wa sentimita 2, ujaze maji, yakinywea rudia. Sia jioni kwenye mfereji huo uliolowa, letusi ifunikwe nusu sentimita tu, spinachi sentimita moja na nusu, udongo mkavu juu. Weka kivuli cha shuka kuukuu au neti sentimita 30 juu ya mstari kwa wiki ya kwanza. Njia nyingine ni kusia letusi kwenye trei ndani ya nyumba palipo na ubaridi, na kuhamisha miche ikiwa na majani manne.

Karoti zina tabu tofauti: huchukua wiki 1 hadi 3 kuota, na uso wa udongo ukikauka siku moja tu katikati, zimekwisha. Lowesha mstari, laza ubao juu, funua kila asubuhi kuanzia siku ya 5, na uuondoe mara unapoona nyuzi za kwanza za kijani. Ukichelewa siku mbili miche inarefuka kwa kutafuta mwanga kisha inalala.

Baada ya kuota, milimita 25 za maji kwa wiki zinatosha, sawa na lita 25 kwa kila mita ya mraba, mvua ikiwemo. Miche ya jamii ya kabeji ifunike kwa neti siku hiyohiyo unayoipanda. Vipepeo weupe bado wanataga Septemba, na viwavi wachache wanamaliza mche wa majani manne kwa siku mbili.

Kitunguu saumu na matuta yaliyobaki wazi

Kitunguu saumu hupandwa Oktoba au Novemba na kuvunwa kiangazi kinachofuata, kwa sababu kinahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo kigawanyike punje. Kikipandwa masika mara nyingi kinatoa kichwa kimoja cha duara kisicho na punje. Panda wiki 4 hadi 6 kabla ardhi haijaganda: mizizi iwahi kushika, majani yasitangulie mno. Chagua punje kubwa kuliko zote, ncha juu, kina cha sentimita 5, nafasi ya sentimita 15, kisha nyasi kavu unene wa sentimita 10. Vya dukani vya kula ni kamari; vingine vimetoka nchi zenye tabianchi tofauti kabisa.

Tuta lisilo na zao lisiachwe tupu, mvua za baridi zinaosha rutuba. Sia nafaka ya rai, gramu 150 kwa mita 10 za mraba, hata mwishoni mwa Septemba. Masika ikate kabla haijatoa masuke, uichanganye na udongo na ungoje wiki 3, maana mabaki yake huzuia mbegu ndogo kuota. Asiye na nguvu za kukatakata rai apande oti mwishoni mwa Agosti. Penye baridi kali hufa zenyewe na kubaki matandazo.

Usiku wa hatari ni ule wa anga safi usio na upepo. Kitambaa chepesi cha bustani huongeza nyuzi 1 hadi 2, alimradi kingo zimekandamizwa kwa mawe pande zote. Nailoni ikigusa majani huyaunguza kwa baridi, iinue kwa vijiti. Na mpira wa maji uumwage, uukunje na kuuweka ndani, bomba la nje lifungwe kutoka ndani ya nyumba na koki yake iachwe wazi, kwani maji yakiganda humo bomba hupasuka ndani ya ukuta na utajua Machi.