Ukija kujitolea kwetu Moshi

Mimi ni mlezi kwenye makao ya watoto hapa Moshi, na wageni wengi hupitia mikononi mwangu. Kabla hujakata tiketi, uliza kama makao unayokwenda yana leseni ya Ustawi wa Jamii. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo. Anayejibu kwa kuzungukazunguka, achana naye. Ukitoka nje ya nchi, shughulikia kibali cha ukaazi daraja C. Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi, hata ya bure.

Ukifika, wasalimie wapishi kwanza. Wao ndio wanaojua nani hali maharage na nani bado anakojoa kitandani. Darasani usimpokonye mwalimu chaki. Kaa dawati la nyuma na wale wanaoruka herufi, wasome sentensi mojamoja wakifuata kwa kidole. Hapo unasaidia kweli.

Pipi usigawe mwenyewe, mpe mlezi. Picha za nyuso, hapana. Na usiseme “nitarudi” kama huna hakika. Watoto wetu wanahesabu siku. Una wiki mbili tu? Basi njoo upake rangi darasa au utengeneze madawati, watoto tuachie sisi.