Jinsi ya kutumia barabara na wenzako: chukulia hajakuona

Ajali ikishatokea, neno la kwanza la dereva huwa ni "sikumuona", na mara nyingi hadanganyi jamani, kweli hakumuona. Mi nilikaribia kulisema neno hilo siku moja nikiwa hata siendeshi. Nimepaki pembeni, gari nimezima, simu iko mkononi, nikasukuma mlango bila kuangalia nyuma, ghafla nasikia breki za baiskeli zinalia na jamaa huyo anapita, mpini wake ukakwaruza ncha ya mlango wangu. Hakuanguka. Aligeuka akaniangalia tu akaendelea na safari, mi nikabaki nimekaa pale mkono bado uko kwenye kitasa unatetemeka.

Tangu hapo nafungua mlango kwa mkono ule ulio MBALI na mlango, sio ule wa karibu. Jaribu sasa hivi hapo ulipokaa: ukipeleka mkono wa mbali kwenye kitasa, mabega yanageuka yenyewe na macho yanapita kwenye saidi mira mpaka nyuma, yaani mwili wenyewe unakulazimisha uangalie. Afu fungua kidogo kwanza, subiri, ndo ufungue wote. Na abiria wako waambie wafanye hivohivo, maana mlango wa nyuma ndo husahaulika kabisa. Na we wa baiskeli ukipita kando ya magari yaliyopaki acha nafasi ya mlango mzima, hata kama wa nyuma yako anapiga honi.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, watu wa baiskeli na wa pikipiki. Yaani watu wasio na bati wala mkanda. Kwa hiyo mwenye gari ndo mwenye kazi kubwa zaidi ya kuangalia, mi hapo sina mjadala.

Sasa kuna kitu madereva wengi hatufundishwi vizuri, ile nguzo iliyoshika kioo cha mbele, moja kushoto moja kulia. Inaonekana nyembamba ila iko karibu na jicho lako, na kitu kikiwa karibu na jicho kinaficha kikubwa, inaweza kumficha mtu mzima, pikipiki nzima na mwenye pikipiki, na ikiwa mbali kidogo hata gari. Mbaya zaidi, kama unasogea kuelekea makutano na yeye naye anasogea, anaweza kubaki nyuma ya nguzo hiyohiyo muda wote mpaka mnakutana. Dawa yake ni kusogeza kichwa. Kabla hujaingia barabara kubwa jisogeze mbele kwenye kiti, rudi nyuma, angalia pande zote mbili afu rudia tena, usiangalie mara moja ukakanyaga mafuta. Pikipiki hasa inadanganya, kwa kuwa ni ndogo unaiona kama iko mbali na inakuja taratibu, kumbe imeshafika.

Malori nayo yana mambo yake. Lori refu likikata kona, tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakatiza kwa ndani, ndo maana dereva mara nyingi analazimika kutanua kwanza upande wa pili ndo alete kichwa. We wa baiskeli au pikipiki unaona limeachia nafasi kubwa kati yake na ukingo unasema hii njia yangu, unajichomeka. Usithubutu. Ile nafasi sio yako, ndo hapohapo tairi za nyuma zinakuja kupita. Lori likiwa limesimama au linapunguza mwendo karibu na makutano baki nyuma yake, nyuma kabisa mahali unapoona saidi mira zake, maana kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake basi na yeye hakuoni. Na we wa miguu usikatize puani mwa lori lililosimama, dereva amekaa juu sana na mtoto au mtu mfupi akiwa karibu na bampa anapotea kabisa. Nenda mbele hatua kadhaa hadi macho yenu yakutane, ndo uvuke.

Kuovateki baiskeli, acha angalau mita 1.5. Najua watu wanaona ni nyingi, ila yule mtu anakwepa shimo, anakwepa mchanga, upepo wa gari kubwa unamsukuma, hawezi kwenda mstari mnyoofu kama reli. Kama hakuna nafasi subiri nyuma yake. Na usimpite afu hapohapo ukakata kona mbele yake, hiyo nimeiona sana na inaniumiza roho, sekunde tano za kusubiri apite kwanza zinakushinda kweli?

Gari ikisimama kwenye zebra usiipite. Kuna mtu anavuka ambaye we humuoni, gari ile imemziba. Na we unayevuka usikimbie ukashukuru kwamba mmoja kasimama, fika kwenye ukingo wa ile gari, simama, chungulia leni ya pili.

Umbali na gari ya mbele ni sekunde mbili kwenye barabara kavu, mvua ikinyesha zidisha iwe nne. Chagua nguzo au alama yoyote, gari ya mbele ikiipita anza kuhesabu, we ukiifikia kabla sekunde mbili hazijaisha uko karibu mno. Ukiwa kilomita 50 kwa saa unasafiri karibu mita 14 kila sekunde, na hiyo ni kabla hata mguu haujagusa breki, ukiangalia simu sekunde tatu umeenda mita 42 bila macho. Spidi ikiwa mara mbili, breki zinahitaji mara nne ya umbali. Sijui tunapata wapi ujasiri wa kubanana vile.

Usiku kila kitu nilichosema kinazidi. Ukikutana na gari nyingine, zima fulu, yaani taa kali, na yeye asipozima usimjibu kwa fulu yako maana mtakuwa vipofu wawili, punguza mwendo na macho yaweke kwenye ukingo wa upande wako mpaka apite. Ukitembea mahali pasipo na njia ya miguu tembea upande ambao magari yanakuja yakikutazama, uyaone usoni, na vaa kitu cheupe au kinachong'aa, hata kipande tu kifundoni, mguu unaotembea unaonekana haraka kuliko mgongo uliotulia. Wa baiskeli, taa nyeupe mbele nyekundu nyuma. Ile ya nyuma ukishapanda huioni, inaweza kuwa imezima tangu unaondoka, kwa hiyo kabla hujapanda zunguka nyuma uiangalie kwa macho yako.