Namna ya kufifisha rangi ya waridi hadi nyeupe kwa rangi ya kucha ya jeli

Mteja anayeomba kucha zinazofifia huwa hataki kuona mahali rangi moja inapoishia na nyingine inapoanzia. Fundi anayeanza hudhani kwamba jambo hilo hupatikana kwa kuzichanganya rangi mbili katika tabaka moja nene, naye huishia na mstari mzito katikati ya ukucha, au na rangi iliyochafuka ambayo si hii wala si ile. Rangi hufifia kwa matabaka membamba, kila moja likikaushwa kwa taa kabla ya jingine kupakwa. Nitaeleza kazi hiyo kwa mtindo unaopendwa na maharusi, yaani rangi ya waridi hafifu kwenye shina la ukucha inayogeuka taratibu kuwa nyeupe kwenye ncha.

Vifaa

Andaa jeli ya msingi, jeli ya rangi ya waridi, jeli nyeupe, jeli ya kumalizia, taa ya LED, tupa ya namba 180 (namba ya ukwaru wake), bafa laini ya kusugulia uso wa ukucha, pombe ya isopropili, vitambaa visivyotoa manyoya, sponji ya vipodozi na brashi ndogo bapa yenye nywele laini. Utahitaji pia kipande cha foili cha kuwekea matone ya jeli. Kaa mbali na dirisha au mlango unaoingiza jua, kwa kuwa mwanga wa jua una miale ileile inayoigandisha jeli. Niliwahi kufanya kazi kibarazani, na kabla sijamaliza mkono wa kwanza jeli nyeupe ilikuwa imegandia kwenye foili pamoja na brashi niliyoipenda kuliko zote.

Hatua ya kwanza: kuandaa kucha

Sukuma ngozi ya shina nyuma, ondoa utando uliogandia juu ya ukucha, kisha pitisha bafa kwa wepesi hadi mng'ao upotee. Usiloweke vidole kwenye maji kabla ya kazi hii, kwa sababu ukucha hunywa maji na kutanuka, na ukishakauka na kunywea baadaye, jeli huanza kubanduka pembeni. Futa kwa pombe na usiuguse tena kwa vidole.

Hatua ya pili: msingi na rangi ya waridi

Paka jeli ya msingi tabaka jembamba, ukiifunika na ncha ya ukucha kwa upande wake wa mbele, kisha kausha kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ambao kwa taa nyingi za LED huwa kati ya sekunde 30 na 60. Vidole vinne viingie pamoja. Dole gumba likaushwe peke yake, kwani likiwekwa pamoja na vingine hulala ubavu na mwanga haulifikii sawasawa. Utaona uso wa jeli unanata ingawa umekwisha kukauka. Kunata huko husababishwa na hewa ya oksijeni inayouzuia uso wa juu kabisa usigande, nako kunasaidia rangi inayofuata kushika, kwa hiyo usikufute. Paka sasa rangi ya waridi ukucha mzima, tabaka moja jembamba, na ukaushe.

Hatua ya tatu: kufifisha nyeupe

Kuna njia mbili, nami kwa rangi mbili huchagua brashi. Weka nyeupe kidogo kwenye theluthi ya mbele ya ukucha. Futa brashi hadi iwe kavu, isimamishe karibu wima, kisha uguseguse ukingo wa ile nyeupe ukiuvuta kuelekea katikati kwa miguso mifupi isiyo na uzito. Futa brashi kila baada ya miguso miwili au mitatu, maana brashi iliyojaa nyeupe huhamisha mpaka badala ya kuufuta.

Anayetumia sponji aikate kipande kidogo, aichovye kwenye tone la nyeupe, kisha aigonge kwanza juu ya foili hadi ibaki na rangi kidogo tu. Agonge ncha ya ukucha, apande kuelekea katikati huku akipunguza nguvu ya mkono, halafu asubiri sekunde kama 10 ili viputo vipasuke. Njia hii inafaa zaidi kwa rangi tatu, ila sponji hunywa jeli nyingi na huacha uso wenye vinundu.

Kwa njia yoyote, tabaka la kwanza litaonekana hafifu kiasi cha kukutia shaka. Likaushe hivyohivyo. Rudia mara ya pili ukianzia kwenye ncha na kuishia kabla kidogo ya kufika pale ulipoishia mwanzo, na mara ya tatu uishie karibu zaidi na ncha. Hapo nyeupe itakuwa imelundikana mbele na kupungua yenyewe inapokaribia katikati. Ukitaka kumaliza kwa mkupuo mmoja mnene, chembe za rangi nyeupe zitauzuia mwanga kufika chini, uso utajikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka, na chini yake jeli itabaki mbichi.

Kabla ya kila kukausha, ondoa jeli iliyogusa ngozi kwa kijiti chenye pombe. Jeli mbichi ina kemikali ziitwazo akrilati zinazoweza kuleta mzio, na mtu akishaupata kwa kawaida hubaki nao maisha yake yote. Hatari hiyo inamhusu fundi anayeishika kila siku kuliko hata mteja.

Mpaka ukiendelea kuonekana, usiongeze nyeupe. Paka tabaka jembamba la rangi ya waridi inayopitisha mwanga juu ya ukucha mzima. Hufanya kazi kama shela, na kwa maoni yangu ndiyo inayoipa kazi hii ulaini wake.

Hatua ya nne: kumalizia

Kama sponji iliacha vinundu, vifunike kwa jeli ya msingi na ukaushe. Usivisugue kwa bafa, kwani itakwangua rangi. Paka jeli ya kumalizia, funika ncha, kausha. Ikiwa ni aina inayobaki ikinata, acha ukucha upoe kwa dakika moja ndipo uifute kwa pombe, kwani ikifutwa ingali na moto hupoteza mng'ao.

Kuondoa

Baada ya wiki mbili au tatu, kwaruza jeli ya juu kwa tupa, weka pamba yenye asetoni, funga kwa foili kwa dakika 10 hadi 15, kisha sukuma jeli iliyolegea kwa kijiti. Sehemu inayokataa kutoka irudishiwe pamba kwa dakika chache zaidi, kwa sababu jeli inayobanduliwa kwa nguvu huondoka na tabaka la ukucha wenyewe.