Pumzi Ikikubana Ghafla, Anza kwa Kutoa

Nina pumu tangu nikiwa na miaka tisa, na kila nilipobanwa mbele za watu nimesikia kelele ileile: "Vuta pumzi! Vuta pumzi!" Wanasema kwa wema, ila wananiharibia. Mirija ya hewa ikishakaza, hewa huingia kwa taabu na kutoka kwa taabu zaidi. Mapafu yanabaki yamejaa hewa iliyokwisha kazi, nawe unashindilia nyingine juu yake, sawa na kumimina maji kwenye mtungi uliojaa. Mimi huanza kwa kutoa.

Kabla ya hapo, mkao. Usilale hata kama mwili unadai kitanda. Keti, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, mabega yaache yashuke. Kama hakuna pa kukaa, egemea meza au ukuta. Legeza kola, mkanda, sidiria. Huo si wakati wa haya.

Sasa toa kwanza hewa iliyomo, ndipo uvute kidogo kwa pua, mdomo umefungwa: moja, mbili. Kisha bana midomo kama unayetaka kuuyumbisha mwali wa mshumaa bila kuuzima, utoe polepole hadi nne. Usisukume kwa nguvu. Pumzi tatu za kwanza utaona kama unajidanganya. Kwangu nafuu huanza kwenye ya sita au ya saba. Kuhesabu kichwani kunanishinda saa hiyo, kwa hiyo nagongagonga paja kwa kidole.

Jipepee pia usoni, karibu na pua na mashavu, kwa feni ndogo au hata daftari. Upepo huo hauongezi hewa kifuani, lakini hupunguza ile hisia ya kuzama. Nilidhani ni upuuzi mpaka nilipojaribu.

Mwenye inhela (kikopo cha dawa ya kuvuta kwa mdomo) ya kutuliza, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya buluu, aitumie mapema, asingoje kuzidiwa. Ile ya kila siku ya kuzuia kwa kawaida haiokoi saa ya shambulio. Itikise ile ya kutuliza, toa pumzi, bana midomo kuzunguka mdomo wa inhela, bonyeza huku ukianza kuvuta taratibu, kisha zuia pumzi kwa sekunde 10, au kadiri utakavyoweza. Kama una kile chombo cha plastiki cha kuunganisha na inhela, kitumie. Dawa nyingi zaidi hufika kifuani badala ya kugota kooni. Rudia mpulizo mmoja kila sekunde 30 hadi 60, usizidi 10. Hali ikizidi kuwa mbaya, au ukifika 10 bila nafuu, piga simu ya dharura.

Usiku mmoja nilibonyeza, ikalia "fss" kama kawaida, nikabonyeza tena na tena, kifua hakikulegea. Kumbe dawa ilikwisha siku nyingi, iliyobaki ni gesi tu ya kusukumia. Kikopo hakikuonyesha dalili yoyote. Tangu hapo, kama inhela haina kihesabio, naandika tarehe ya kuifungua kwa kalamu ya wino mzito na kuhesabu mipulizo. Nyingi huwa na 200. Na ya akiba iko kwenye mkoba wangu, haikai kabatini.

Habari ya kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi achana nayo. Kama tatizo ni pumu au moyo, unajinyima oksijeni.

Kuna hali ambazo hata mazoezi haya usiyangojee. Ita msaada kwanza, ukae wima huku ukisubiri. Kifua kuuma au kubana kama kilichowekewa jiwe. Midomo au kucha kugeuka buluu au kijivu. Kushindwa kumaliza sentensi fupi. Kuchanganyikiwa au kusinzia. Ulimi au midomo kuvimba baada ya kula kitu au kuumwa na nyuki. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Na kama hujawahi kubanwa maishani, usijiambie ni wasiwasi tu. Hilo aliseme daktari baada ya kukupima.

Kwa anayekusaidia: asikuzonge, wala asikuulize maswali ya kujibu kwa maneno. Aulize ya kutikisa kichwa. Mke wangu siku hizi hasemi kitu. Huvuta kiti mbele yangu, akapuliza taratibu kwa sauti ninayoisikia, nami namfuata.