Mshumaa wa nta ya nyuki: shughulika na utambi kwanza

Wengi wanaotaka kuanza kutengeneza mishumaa ya nta ya nyuki huniuliza kalibu ipi ni nzuri. Mimi huwarudisha kwenye utambi. Kalibu yoyote ya silikoni isiyovuja itakupa umbo zuri, lakini utambi ndio unaoamua kama mshumaa utawaka hadi mwisho.

Nta ya nyuki ikiyeyuka huwa nzito kuliko parafini na hupanda kwa shida kwenye nyuzi. Kwa hiyo inataka utambi wa pamba tupu, uliosukwa, tena mnene kuliko ule unaotosha mshumaa wa dukani wa ukubwa huohuo. Utambi mwembamba huchimba shimo katikati, kisha moto huzama na kufa. Ukizidi unene, unatoa masizi na nta inachuruzika pembeni. Ukishapata kalibu, mimina mishumaa mitatu yenye tambi za unene tofauti, iwashe kwa pamoja mahali pasipo na upepo, uitazame hadi iishe. Usiruke hatua hii, maana jibu lake litakufaa kila utakapotumia kalibu hiyo.

Kujua nta ya kutosha ni rahisi: jaza maji kwenye kalibu, uyapime uzito. Maji ya gramu 100 ni sawa na nta ya gramu 96 hivi. Kisha ikaushe kabisa, kwani tone moja la maji huacha kovu kwenye mshumaa.

Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Ikipita 85 huanza kubadilika rangi na kupoteza ile harufu ya asali, na hiyo harufu ndiyo inayonifanya niipende kuliko nta nyingine zote. Usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Iweke kwenye jagi la chuma kisichoshika kutu (shaba na chuma cha kawaida huitia weusi), jagi likae ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Usiondoke jikoni. Nta ikishika moto, zima jiko na ufunike jagi kwa mfuniko. Maji usimwage kamwe, yataurusha moto juu.

Ikishayeyuka, ichuje kwa kitambaa cha pamba. Chembe za masega na gundi ya nyuki zikibaki zitaziba utambi, nawe utadhani umekosea unene.

Sasa chovya utambi kwenye nta mpaka viputo vya hewa viishe, uutoe, uunyooshe ungali moto, uache ugande. Upitishe kwenye tundu la chini la kalibu, na juu uubane kwa vijiti viwili ukae katikati barabara. Kama kalibu imepasuliwa ubavuni, ifunge kwa mipira.

Mimina nta ikiwa nyuzijoto 70 hadi 75, polepole, kwenye kalibu iliyopashwa joto kidogo. Ikipoa husinyaa na kuacha kishimo kuzunguka utambi, kwa hiyo bakiza nta kidogo ya kujazia. Usiiharakishe kwa friji, itapasuka. Mshumaa mnene mimi huuacha usiku kucha ndipo niutoe.

Kata utambi ubaki milimita 6 hivi. Mshumaa mpana uuwashe mara ya kwanza kwa muda mrefu, mpaka nta iliyoyeyuka ikaribie ukingo.

Baada ya wiki kadhaa huenda ukaona utando mweupe juu yake. Huo si ukungu wala si uchafu, ni mafuta ya nta yenyewe yanayojitokeza; kitambaa laini kinautoa. Nta iliyobaki igandishe kwenye kikombe cha silikoni kwa matumizi ya baadaye. Vyombo vifute kwa karatasi vikiwa bado moto, na nta usiimwage kwenye sinki, itaganda ndani ya bomba.