Mkienda Tarangire na watoto, nguo za bluu ziacheni nyumbani

Wazazi wenzangu mnaopanga kwenda Hifadhi ya Tarangire na watoto wadogo: kabla ya kufunga begi, toeni nguo zote za bluu na nyeusi. Mbung'o, wale nzi wanaouma na kunyonya damu, wanazipenda mno rangi hizo, ndiyo maana hata mitego ya kuwanasa hushonwa kwa kitambaa cha bluu na cheusi. Mvalisheni mtoto kaki, suruali ndefu na shati la mikono mirefu, kitambaa kizito kidogo kisichobana, kwa sababu fulana nyepesi mbung'o anaitoboa.

Wadudu hawa hufuata kitu kikubwa kinachotembea, gari likiwemo. Mkipita vichakani fungeni vioo. Mkitokea mahali peupe, vifungueni, watoto wapate hewa na wawaone tembo vizuri. Dawa ya kupaka pakeni, ila msiitegemee sana kwa mbung'o. Itawafaa zaidi jioni, mbu wakianza.

Akiingia mbung'o mmoja garini, msipige mayowe. Binti yangu wa miaka minne alikuwa analia kabisa, mpaka nilipomwonyesha mmoja aliyetua kwenye kioo: mabawa yamelaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa. Akanyamaza, akasogeza uso, akaanza kumchunguza. Safari iliyobaki alikuwa anawatafuta mwenyewe!

Mtoto akiumwa na mbung'o, paosheni kwa maji na sabuni, kisha wekeni kitambaa cha maji baridi. Homa ikimpata baada ya safari, mpelekeni hospitali, na mwambieni daktari kwamba mlipita kwenye mbung'o.